Unreal Engine Kwenye Simu: Hesabu ya Joto, Kumbukumbu na Mwanga

Injini ya gemu ni programu inayobeba kazi ambazo kila gemu huzihitaji: kuchora maumbo na mwanga kwenye kioo, kuhesabu jinsi vitu vinavyoanguka na kugongana, kutoa sauti, kupokea maagizo ya mchezaji na kusafirisha taarifa zake mtandaoni. Studio yenye injini mkononi haina haja ya kuandika upya mambo hayo. Nguvu zake huelekea kwenye hadithi, wahusika na kanuni za mchezo wenyewe. Miongoni mwa injini zinazojulikana zaidi duniani ni Unreal Engine ya kampuni ya Epic Games ya Marekani. Tim Sweeney, aliyeanzisha kampuni hiyo mwaka 1991, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya toleo la kwanza, lililotoka pamoja na gemu iitwayo Unreal mwaka 1998. Toleo la tatu, ambalo wengi walilifahamu kupitia gemu ya Gears of War ya mwaka 2006, lilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta zenye kadi kubwa za michoro na kwa ajili ya konsoli, yaani mashine za gemu zinazounganishwa na televisheni, kama Xbox 360 na PlayStation 3.

Miaka minne tu baada ya Gears of War, injini hiyohiyo ilikuwa ikiendesha gemu kwenye simu ya mfukoni. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba simu zilikua zikazifikia konsoli. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi kubwa zaidi ya akili, ni kwamba wahandisi waliihamisha kazi. Jambo ambalo simu haikuweza kulifanya papo kwa papo lilifanywa mapema kwenye kompyuta za studio, na matokeo yake yakahifadhiwa ndani ya gemu. Jambo ambalo halikuweza kufanywa mapema lilirahisishwa au likaachwa kwa makusudi. Utaratibu huo umebaki kuwa msingi wa gemu nzito za simu hadi leo.

Mlango uliofunguka mwaka 2009

iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, na ile ya 3G iliyofuata zilikuwa na chipu za michoro zenye uwezo uliopangwa kiwandani. Mtengenezaji wa gemu aliweza kuomba taa, ukungu au picha juu ya umbo, lakini hakuweza kuiandikia chipu kanuni yake mwenyewe. Unreal Engine 3, kwa upande wake, ilisimama juu ya programu ndogo ziitwazo sheda, ambazo huiambia chipu ya michoro namna ya kukokotoa rangi ya kila pikseli: jiwe lililolowa ling'ae vipi, chuma kiakisi nini, ngozi ipitishe mwanga kiasi gani. Pasipo sheda, injini hiyo haikuwa na pa kushika.

Mlango ulifunguka Juni 2009, iPhone 3GS ilipotoka na chipu ya michoro ya PowerVR SGX iliyobuniwa na kampuni ya Imagination Technologies ya Uingereza. Chipu hiyo iliweza kuendesha sheda kupitia OpenGL ES 2.0, lugha ya pamoja ya michoro kwa vifaa vidogo. Kabla mwaka huo haujaisha, Epic ilikuwa tayari imeonyesha Unreal Engine 3 ikifanya kazi kwenye vifaa vya Apple vya kizazi hicho. Tarehe 1 Septemba 2010, katika hafla ya Apple mjini San Francisco, Epic na studio yake ya Chair kutoka jimbo la Utah walionyesha gemu ya mapigano ya upanga iliyokuwa bado kutoka. Siku hiyohiyo walitoa bure programu ya Epic Citadel, ambayo ilimruhusu mtu kutembea ndani ya ngome na mji wa mawe, bila adui wala kazi ya kufanya, ajionee tu picha ambazo simu yake iliweza kuzichora. Gemu yenyewe, Infinity Blade, ilitoka tarehe 9 Desemba 2010. Mwezi huohuo Epic ilitoa kwa umma zana za kutengenezea gemu za iPhone na iPad kwa kutumia injini hiyo.

Joto ndilo mpaka

Tofauti kubwa kati ya simu na konsoli haiko kwenye kasi ya chipu bali kwenye umeme. Xbox 360 ya awali ilivuta takriban wati 170 wakati wa mchezo, na ilikuwa na feni za kupuliza joto nje. Betri ya iPhone 4 ilihifadhi nishati ya wati-saa 5.25. Kama simu hiyo ingetumia umeme kwa kasi ya Xbox, betri iliyojaa chaji ingekwisha kabla ya dakika mbili kutimia. Ili mtu acheze kwa saa mbili, kila kitu ndani ya simu, kuanzia kioo, spika na redio ya mtandao hadi chipu zote, hulazimika kugawana wati 2.6 hivi.

Hata betri ingekuwa kubwa zaidi, joto lingebaki palepale. Simu haina feni. Joto lake hutoka kupitia kioo na mgongo wake, na sehemu ya joto hilo huishia kwenye viganja vya mchezaji. Chipu ikipata moto kupita kiasi, mfumo wa simu huipunguza kasi ili isiharibike. Ndiyo maana gemu yaweza kwenda vizuri dakika tano za mwanzo kisha ikaanza kusuasua, ingawa kwenye mchezo hakuna kilichobadilika. Kwa sababu hiyo, vipimo vinavyochukuliwa simu ikiwa baridi havina maana kubwa. Watengenezaji makini huiacha gemu ikimbie nusu saa, kisha ndipo hupima.

Kipimo chenyewe ni muda wa fremu. Picha inayotembea kwenye kioo ni mfululizo wa picha zilizosimama, na kila moja huitwa fremu. Gemu inayochora fremu 30 kwa sekunde ina milisekunde 33 za kumaliza kila fremu, na ya fremu 60 ina milisekunde zisizofika 17. Kwenye konsoli injini yaweza kuutumia muda huo wote hadi tone la mwisho. Kwenye simu ni busara kumaliza mapema na kuiacha chipu ipumzike hadi fremu inayofuata, kwa kuwa mapumziko hayo mafupi ndiyo yanayozuia joto kupanda.

Kumbukumbu iliyo mbali

iPhone 4 ilikuwa na RAM ya MB 512, sawasawa na Xbox 360. Kwa namba hiyo peke yake mtu angedhani mambo yalikuwa mamoja. Hayakuwa. Mfumo wa simu na programu nyingine zilichukua sehemu ya nafasi hiyo, na iPhone 3GS pamoja na iPad ya kwanza zilikuwa na nusu yake tu, MB 256. Lakini zaidi ya ukubwa wa RAM, kinachotesa simu ni safari ya kuifikia. Kuchukua data kutoka kwenye RAM hula umeme mwingi kuliko kuikokotoa data hiyo ikiwa tayari ndani ya chipu. Kwa chipu ya simu, RAM ni kisima kilicho mbali na jiko: kupika hakuchoshi kama safari za kuteka maji.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa safari hizo. Kioo cha iPhone 4 kilikuwa na pikseli 960 kwa 640, yaani pikseli 614,400. Rangi ya pikseli moja huchukua baiti 4, kwa hiyo fremu moja ni karibu MB 2.5. Lakini fremu haichorwi mara moja. Anga huchorwa, juu yake mlima, juu ya mlima ukuta, mbele ya ukuta mpiganaji. Kila pikseli ikipakwa rangi mara nne, kwa fremu 30 kila sekunde, RAM hupokea karibu MB 300 kwa sekunde kwa ajili ya rangi pekee, kabla ya kuhesabu vipimo vya umbali na picha zinazosomwa ili kupata rangi hizo.

Chipu za PowerVR zilikwepa gharama hiyo kwa kukigawa kioo katika vigae vidogo, kwa mfano vya pikseli 32 kwa 32. Ndani ya chipu kuna kumbukumbu ndogo inayotosha kigae kimoja. Chipu hukusanya kwanza maumbo yote yanayokigusa kigae hicho, hutambua lipi liko mbele katika kila pikseli, kisha hukokotoa rangi ya lile linaloonekana tu. Kigae kikikamilika, hupelekwa RAM mara moja na kazi huhamia kigae kingine. Chipu za Mali za kampuni ya ARM na Adreno za Qualcomm nazo hutumia vigae, kila moja kwa utaratibu wake.

Utaratibu huo uliilazimisha Unreal Engine kuacha mazoea mengi iliyoyaleta kutoka kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta, injini huchora mandhari nzima, kisha hurudi kuisoma picha hiyo tena na tena: mara ya kwanza kuongeza mng'ao kuzunguka taa, mara ya pili kufifisha vitu vya mbali, mara ya tatu kurekebisha rangi. Kwenye chipu ya vigae, kila marejeo ya namna hiyo huisukuma picha yote kwenda RAM na kuirudisha, na faida ya vigae hupotea. Toleo la kwanza la injini kwa simu liliondoa hatua nyingi za aina hiyo. Vitu vinavyoonyesha vilivyo nyuma yake, kama moshi, na vyenye matundu mengi, kama majani na nyasi, vilitumiwa kwa uchoyo, kwa sababu chipu haiwezi kuvitupa vya nyuma kwa uhakika kama inavyofanya kwa ukuta mzima. Mji wa mawe, mbao na anga wazi, kama ule wa Epic Citadel, ulikuwa mandhari inayoifaa sana chipu ya wakati ule.

Kanuni hiyohiyo iliendelea kuongoza maamuzi miaka iliyofuata. Mwaka 2014 mhandisi Brian Karis wa Epic alieleza jinsi toleo la nne la injini lilivyokokotoa mng'ao wa chuma na plastiki kwenye simu. Kwenye kompyuta, sehemu ya jibu ilisomwa kutoka kwenye jedwali lililohifadhiwa kama picha. Kwenye simu, jedwali hilo liliondolewa na mahali pake ikawekwa kanuni fupi ya hesabu inayotoa jibu lililo karibu sana na lile la awali. Kukokotoa kulikuwa rahisi kuliko kwenda kusoma.

Mwanga uliohesabiwa mapema

Picha ya gemu hupendeza au huchusha kwa mwanga wake. Jua likipiga ukuta mwekundu, sehemu ya mwanga hudunda na kuipaka sakafu wekundu hafifu. Pembe za chumba huwa na giza kidogo, na chini ya dari kivuli hufifia taratibu badala ya kukatika ghafla. Kukokotoa midundo hiyo kwa usahihi huweza kuchukua saa nyingi hata kwa kompyuta kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Hakuna simu ya mwaka 2010 iliyoweza kuifanya kazi hiyo ndani ya milisekunde 33.

Jibu lilikuwa zana ya Epic iitwayo Lightmass, ambayo hufuata miale ya mwanga kutoka kwenye taa na jua, ikahesabu inavyodunda, kisha ikahifadhi matokeo katika picha ziitwazo ramani za mwanga. Kazi yote hiyo hufanyika studioni kabla gemu haijafika kwa mchezaji. Kwenye simu, sheda husoma rangi ya jiwe na kiasi cha mwanga kilichoandikwa kwenye ramani, huzidisha moja kwa nyingine, na hapo imemaliza. Mchezaji huona jua la alasiri likimwagika juu ya ngazi za ngome, ilhali simu imefanya hesabu ya mtoto wa shule.

Nyenzo za maumbo zilipita njia hiyohiyo. Kwenye kompyuta, msanii wa Unreal Engine 3 aliunganisha picha na kanuni nyingi ili kupata, kwa mfano, chuma chenye kutu na mikwaruzo. Simu haikuweza kuiendesha kanuni ndefu kiasi hicho. Injini iliweza kuikokotoa mapema na kuibana katika picha moja bapa, ambayo simu huibandika juu ya umbo bila kujua safari iliyopitia.

Mwanga wa aina hiyo una bei yake: jua haliwezi kusogea, na ukuta uliohesabiwa hauwezi kubomoka. Hapo ndipo Infinity Blade ilipoonyesha werevu wake. Mchezaji wa gemu hiyo hatembei popote atakapo. Hugusa sehemu ya kioo, na kamera humpeleka hadi kwa adui anayefuata. Pambano ni la watu wawili, na upanga huendeshwa kwa kupitisha kidole juu ya kioo, kukinga, kukwepa au kukata. Kwa kuwa waundaji walijua kamera itasimama wapi, waliweka urembo mahali ambapo jicho litafika, na mgongo wa mnara usioonekana haukuhitaji kujengwa. Kwa kuwa wapiganaji ni wawili tu, kila mmoja alipata maungo na silaha zilizochongwa kwa undani ambao usingewezekana katika kundi la watu ishirini. Hata vidole vilinufaika: badala ya kumlazimisha mchezaji kusukuma vitufe vya kuchorwa vinavyofunika mandhari, kioo chenyewe kiligeuka uwanja wa upanga. Kanuni za mchezo, mwanga na chipu vilikubaliana, na ndiyo sababu timu ndogo iliweza kuikamilisha gemu hiyo kwa miezi michache.

Uzito wa picha

Picha inayobandikwa juu ya umbo ili lionekane kama mbao, ngozi au jiwe huitwa teksicha. Teksicha yenye pikseli 1,024 kwa 1,024, ikihifadhiwa bila kubanwa, huchukua MB 4. Teksicha 64 za ukubwa huo zingejaza RAM yote ya iPhone 3GS, bila kuacha nafasi ya mfumo wa simu, sauti wala gemu yenyewe. Kwa hiyo teksicha hubanwa kwa namna ambayo chipu inaweza kuisoma ikiwa bado imebanwa. Chipu za PowerVR zilisoma mbano wa biti 4 au biti 2 kwa pikseli. Kwa biti 4, teksicha ileile ya MB 4 hushuka hadi nusu MB, na safari za kwenda RAM hupungua kwa kiwango hichohicho.

Kwenye iPhone mambo yaliishia hapo, kwa kuwa zote zilitumia chipu za jamii moja. Kwenye Android kila mtengenezaji wa chipu alikuja na mbano wake. PowerVR ilikuwa na wake, Adreno wake, Tegra ya Nvidia wake, na ule uliokubalika karibu kote, ETC1, haukuweza kuhifadhi uwazi, yaani taarifa ya sehemu gani ya picha ipitishe kilicho nyuma. Studio ililazimika kuandaa nakala kadhaa za gemu moja au kukubali ubora wa chini. Ahueni ilikuja kidogo kidogo: OpenGL ES 3.0 ya mwaka 2012 iliilazimisha kila chipu inayoifuata kusoma ETC2, wenye uwazi, na baadaye mbano wa ASTC ulioanzia kwa ARM ulienea kwenye simu za Apple na za Android pia. Epic Citadel yenyewe ilifika Android Januari 2013, zaidi ya miaka miwili baada ya kutoka kwenye iPhone.

Maagizo ya kuchora

Chipu ya michoro haijiamulii cha kuchora. Kichakataji kikuu huipa maagizo moja baada ya jingine: chora ukuta huu kwa sheda hii na teksicha hii, sasa chora meza ile. Katika OpenGL ES, draiva ya simu, yaani programu inayosimama kati ya gemu na chipu, ilikagua kila agizo lilipofika, ikahakikisha ni halali, ikalitafsiri, ndipo ikalipitisha. Maagizo mia kadhaa kwa fremu yalivumilika. Maelfu yalikifanya kichakataji kichoke wakati chipu ya michoro ikisubiri bila kazi. Ndiyo maana gemu za simu huunganisha vitu vilivyosimama viwe umbo moja, hutumia teksicha moja kwa vitu vingi, na hubadilisha umbo lenye undani kuwa jepesi kadiri linavyokuwa mbali na kamera.

Juni 2014 Apple ilitangaza Metal, njia mpya ya kuzungumza na chipu ya michoro. Tim Sweeney alipanda jukwaani na kuonyesha Zen Garden, bustani yenye miti, samaki na makundi ya vipepeo, ikiendeshwa na Unreal Engine 4 kwenye iPad Air. Upande wa Android, njia ya namna hiyohiyo iitwayo Vulkan ilitoka Februari 2016, na siku chache baadaye Epic ilionyesha onyesho lake la ProtoStar kwenye Samsung Galaxy S7 mjini Barcelona. Siri ya Metal na Vulkan inafuata mkondo uleule: ukaguzi uliokuwa ukifanyika kwenye kila fremu ulihamishiwa mwanzoni, gemu inapofunguliwa. Hali kamili ya kuchora hutayarishwa na kukaguliwa mara moja, na baada ya hapo agizo hupita bila kusimamishwa.

Unreal Engine 4 ilibadilisha pia uhusiano wa injini na watengenezaji wadogo. Ilifunguliwa kwa umma Machi 2014 kwa ada ya dola 19 kwa mwezi, na mwaka mmoja baadaye ada hiyo iliondolewa. Epic ilibaki kudai asilimia 5 ya mapato ya gemu baada ya kiwango fulani. Msanii sasa aliweza kuunda nyenzo moja na kuitumia kwenye kompyuta na simu, huku injini ikitengeneza sheda nyepesi kwa ajili ya simu. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya wastani alipata zana zilezile zinazotumiwa na studio kubwa, na hilo ni miongoni mwa matunda mazuri zaidi ya kazi hii yote.

Simu nyingi, injini moja

Kuifanya injini ikimbie kwenye simu moja ni mwanzo tu. Gemu ya Android inayotolewa leo itafika kwenye simu za aina nyingi mno, zenye chipu, draiva, vioo na RAM tofauti. Unreal Engine hulishughulikia hilo kwa wasifu wa vifaa: orodha inayotambua aina ya simu au chipu yake na kuipangia ubora wa vivuli, umbali wa kuonekana vitu, ukubwa wa teksicha na idadi ya pikseli. Simu dhaifu huchora mandhari kwa pikseli chache, kisha picha hupanuliwa ijaze kioo, huku maandishi na vitufe vikichorwa kwa ukali kamili ili visomeke.

Tatizo jingine lisiloonekana ni usahihi wa namba. Chipu nyingi za simu hufanya hesabu za biti 16 haraka zaidi na kwa umeme mdogo kuliko za biti 32. Kwa rangi, biti 16 zinatosha. Kwa mahali, hazitoshi. Unreal Engine hupima umbali kwa sentimita, na namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 16 za aina hiyo ni 65,504, yaani mita 655. Mbaya zaidi, kuanzia mita 328 hadi mwisho huo namba hizo huruka kwa hatua za sentimita 32. Nyumba iliyo mbali kiasi hicho ingetetemeka na kuchezacheza kila kamera inaposogea. Kwa hiyo mhandisi hupitia sheda mstari kwa mstari, akaamua ni wapi pa kubana na ni wapi pa kulinda usahihi. Ni kazi ya subira ambayo ikifanywa vizuri hakuna mchezaji anayeitambua.

Halafu kuna kuganda kwa ghafla. Sheda huandikwa katika lugha ya jumla, na kila chipu hulazimika kuitafsiri kwa lugha yake. Tafsiri hiyo ikifanyika bomu linapolipuka kwa mara ya kwanza, gemu huganda kwa sehemu ya sekunde, na katika gemu ya mapigano muda huo unatosha kumuua mchezaji. Dawa yake ni kuicheza gemu nzima wakati wa majaribio, kurekodi hali zote za kuchora zilizojitokeza, na kuzitayarisha simuni kabla pambano halijaanza. Kwa mara nyingine, kazi inafanywa mapema.

Fortnite na PUBG Mobile

Mwaka 2018 ulileta njia mbili tofauti za kupeleka gemu kubwa kwenye simu, zote kwa Unreal Engine 4. Epic yenyewe iliipeleka Fortnite, gemu yake ya mapigano ya wachezaji mia, kwenye iPhone mwezi Machi na kwenye Android mwezi Agosti. Iliamua kuwa iwe gemu ileile: ramani ileile, wachezaji mia walewale, mtu wa simu akikutana na mtu wa konsoli. Uamuzi huo ulifunga njia nyingi za mkato. Mti ukiondolewa kwenye simu ili kupunguza kazi, mchezaji wa kompyuta aliyejificha nyuma yake ataonekana wazi bila kujua. Kwa hiyo kila kitu kinachoweza kumficha mtu, kumkinga risasi au kumbeba kilibaki, na kilichopunguzwa ni ubora wa vivuli, undani wa majani na urembo wa mbali. Gharama yake ilionekana kwenye masharti: kwa iPhone, gemu ilihitaji iPhone SE, 6s au mpya zaidi.

PUBG Mobile, gemu ya mapigano ya aina hiyohiyo iliyotengenezwa na studio ya Tencent, ilikwenda njia ya pili. Ilijengwa kuwa toleo la simu linalojitegemea, wachezaji wa simu wakikutana na wenzao wa simu, hivyo waundaji walikuwa huru kupanga upya mandhari na udhibiti. Baadaye likaja toleo jepesi, PUBG Mobile Lite, lenye wachezaji 60 kwa pambano badala ya 100 na ramani ndogo zaidi, kwa ajili ya simu zenye RAM kidogo. Wachezaji wachache maana yake ni miili michache ya kuchora, taarifa chache za mtandao na kumbukumbu ndogo.

Uamuzi wa namna hiyo una uzito mkubwa Afrika Mashariki, ambako simu nyingi zilizo mikononi mwa watu ni za bei ya chini au ya kati, zikiwemo Tecno, Infinix na itel za kampuni ya Transsion. Kwa mwenye simu hizo, vikwazo ni vitatu kwa pamoja: RAM inayojaa, simu inayopata moto, na bando linaloisha kabla gemu haijamaliza kupakuliwa. Injini nzito huwa na ukubwa wake hata kabla teksicha ya kwanza haijaongezwa, kwa hiyo studio inayowalenga watumiaji hawa hulazimika kukata sehemu za injini zisizotumika na kuziacha ramani zipakuliwe moja moja kadiri zinavyohitajika. Kuwajali watumiaji hawa si hisani. Hao ndio wengi.

Yanayowezekana leo na yasiyowezekana bado

Unreal Engine 5, iliyotoka rasmi Aprili 2022, ilileta Nanite, inayowezesha maumbo yenye pembetatu mamilioni kuchorwa moja kwa moja, na Lumen, inayohesabu midundo ya mwanga papo kwa papo. Zote mbili zilikusudiwa kompyuta na konsoli za kizazi cha PlayStation 5. Gemu za simu zinazotumia injini hiyo kwa kawaida bado hutegemea maumbo yaliyopunguzwa kwa umbali na ramani za mwanga zilizotayarishwa studioni, kama ilivyokuwa wakati wa Infinity Blade.

Chipu zinaendelea kupanda. Kuanzia mwaka 2022 baadhi ya simu za Android zilipata sakiti maalumu za kufuata miale ya mwanga, na chipu ya A17 Pro ya Apple ikafuata mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya gemu ya Capcom ilitoa Resident Evil Village, gemu ya konsoli inayotumia injini ya Capcom yenyewe, kwa ajili ya iPhone 15 Pro. Simu iliyo na RAM ya GB 8 imeipita kwa mbali Xbox 360 iliyoanza safari hii.

Hata hivyo kuna kisichopanda. Kiganja cha mtu hakivumilii joto zaidi ya kilivyolivumilia mwaka 2010, na simu nyembamba bado haina feni, hivyo wati zinazoweza kutumika kwa muda mrefu zimebaki chache. Kila ongezeko la ubora linatokana na kupata hesabu nyingi zaidi kwa wati ileile, au na kuihamisha hesabu hiyo kutoka simuni kwenda studioni. Njia ya kwanza iko mikononi mwa watengenezaji wa chipu. Ya pili iko mikononi mwa wahandisi na wasanii wa gemu, na mizani yake si simu ghali iliyo baridi juu ya meza ya majaribio, bali simu ya kawaida iliyochezewa nusu saa na bado inachora kila fremu kwa wakati.